Miti Miwili ya Misitu ya Kilwa: Hatari Moja, Dawa Mbili

Wilayani Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, imo miti miwili itoayo maua ambayo iliwahi kudhaniwa kwamba imekwisha duniani. Wa kwanza huitwa kwa jina la kitaalamu Erythrina schliebenii, na wa pili Karomia gigas. Yote miwili huota katika misitu ya pwani, na yote miwili ilionekana tena mwaka 2011, wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopita katika misitu hiyo wakiitafuta. Baada ya kupatikana kwake, yote miwili ilipewa ngazi moja katika vipimo vya kimataifa vya hatari ya kutoweka, nayo ni ngazi ya juu kabisa kwa kiumbe ambacho bado kinaishi porini.

Kwa mtu asomaye orodha peke yake, miti hiyo ni kama ndugu wenye ugonjwa mmoja. Lakini kulingana kwa ngazi si kulingana kwa hali. Mti mmoja umepungukiwa na mahali pa kuishi. Mwingine umepungukiwa na kizazi. Kinachoweza kuuokoa ule wa kwanza hakitoshi kuuokoa ule wa pili. Kwa sababu hiyo inafaa miti hiyo ilinganishwe kwa makini, ili ionekane ni nini hasa kinachoiangamiza na ni kazi gani inayotakiwa kufanywa.

MISITU YA PWANI

Misitu ya pwani ya Afrika ya Mashariki imeenea kutoka kusini mwa Somalia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji. Isidhaniwe kuwa ni msitu mmoja mkubwa wenye kuendelea. Ni vipande vingi vilivyotengana, vingine juu ya vilima, vingine mabondeni au juu ya mawe ya chokaa, na baina yake kuna mbuga, mashamba na vijiji. Vingi havizidi kilomita za mraba 20 kwa ukubwa.

Kwa sababu ya kutengana huko kwa muda mrefu sana, kila kipande kimekuwa kama kisiwa. Mmea unaoota katika msitu mmoja huenda usionekane katika msitu wa pili ulio mwendo wa siku moja tu kwa miguu. Ndiyo maana misitu hii ina idadi kubwa ya mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Lakini utajiri huo una udhaifu wake. Mmea ulioenea nchi nzima hauwezi kuangamizwa kwa kufyekwa shamba moja. Mmea ulioko katika kipande kimoja tu cha msitu waweza kumalizika katika msimu mmoja wa kilimo.

Kusini mwa mto Rufiji misitu ilikaa kwa miaka mingi bila kuguswa sana, kwa kuwa usafiri ulikuwa mgumu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wananchi wa Kilwa na Lindi walipata njia ya uhakika ya kufikia Dar es Salaam, na faida yake kwa maisha yao ilikuwa kubwa. Lakini njia ile ile ilirahisisha pia usafirishaji wa magogo na mkaa. Aidha, kilimo cha ufuta, ambacho ni zao kuu la fedha la sehemu hizo, mara nyingi huanza kwa kufyeka msitu mpya wenye rutuba.

NGAZI ZA HATARI

Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, ujulikanao kwa herufi IUCN, ulianzishwa mwaka 1948. Miongoni mwa kazi zake ni kuandaa Orodha Nyekundu, yaani daftari la viumbe lionyeshalo kila spishi imefikia kiwango gani cha hatari. Spishi ni kundi la viumbe wa namna moja wanaoweza kuzaana na kutoa kizazi kinachoweza kuzaa tena.

Ngazi za Orodha hiyo hupanda kwa taratibu. Juu ya spishi zisizokuwa na wasiwasi zimo zile zinazokaribia hatari. Kisha zilizo dhaifu. Kisha zilizo hatarini. Na mwisho zilizo hatarini mno. Juu ya ngazi hiyo hakuna tena ila spishi iliyotoweka porini ikabaki bustanini, na ile iliyotoweka kabisa.

Mtaalamu hapangi ngazi kwa kukisia. Vipo vipimo vilivyowekwa. Spishi huhesabiwa kuwa hatarini mno ikiwa, kwa mfano, idadi yake imeshuka kwa asilimia 80 au zaidi katika muda wa miaka 10 au vizazi vitatu. Au ikiwa viumbe wake waliokomaa hawafiki 50. Kipimo kimoja tu kikitimia, spishi huingia katika ngazi hiyo.

Hapo ndipo msomaji apaswapo kuwa mwangalifu. Ngazi huonyesha ukubwa wa hatari, lakini haionyeshi chanzo chake. Ni kama kipimajoto cha hospitali: kitasema kwamba mgonjwa ana homa kali, lakini hakitasema kama homa hiyo ni ya malaria au ya kidonda. Kwa kujua hayo lazima mgonjwa achunguzwe mwenyewe.

ERYTHRINA: MTI ULIOPOTEZWA MARA MBILI

Erythrina schliebenii ni mti wa jamii ya mikunde, ambayo ndani yake yamo pia maharage, kunde, mkwaju na mpingo. Ndugu yake ajulikanaye zaidi ni mwamba-ngoma, ambao huonekana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ukiwa umevaa maua mekundu. Mti huu wa Kilwa nao una maua mekundu ya kupendeza, lakini shina lake limejaa miiba mikali.

Maua mekundu ya miti ya kundi la Erythrina hayakuumbika hivyo kwa bahati tu. Nyuki hawaioni vema rangi nyekundu, lakini ndege huiona kwa urahisi. Maua hayo hutoa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na katika Afrika wapendao kuyanywa ni chozi, wale ndege wadogo wenye midomo myembamba iliyopinda. Ndege aingizapo mdomo wake, chavua humganda, naye huichukua hadi ua jingine. Baadaye ua huwa ganda lenye mbegu ngumu. Ugumu huo huilinda mbegu isioze wala kuota kabla ya wakati wake. Lakini mtu akiikwaruza ngozi yake kidogo ili maji yapenye, huota bila taabu kubwa.

Mti huu uliingia katika elimu ya mimea miaka ya 1930, ulipookotwa na Mjerumani Schlieben karibu na ziwa Lutamba, katika sehemu za Lindi. Jina lake la pili limetokana na jina la mtu huyo. Baadaye msitu ulipoonekana kwa mara ya kwanza ulifyekwa ili kupanda mikorosho. Mti haukuonekana tena, na mwaka 1998 Orodha Nyekundu iliuhesabu kuwa umetoweka.

Kisha, mwaka 2001, ulionekana wilayani Kilwa, katika kipande kidogo cha msitu wenye mawe ambacho hakikuwa hifadhi. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 2008 kipande hicho, pamoja na sehemu kubwa ya msitu uliokizunguka, kilifyekwa ili kuanzisha shamba la mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Mafuta ya mimea yalisifiwa wakati ule kuwa ni njia ya kuyasaidia mazingira, kwa kuwa yangepunguza matumizi ya petroli. Mradi wenyewe haukuendelea, lakini msitu ulikuwa umekwisha kukatwa. Kwa mara ya pili ilihofiwa kwamba mti huu umekwisha, hadi ulipopatikana tena mwaka 2011. Miti iliyokomaa ilikadiriwa kuwa haifiki 50.

Katika habari hizi zote hakuna mahali palipoonekana kwamba mti wenyewe una ugonjwa au kwamba umeshindwa kuzaa. Kila ulipotoweka, ulitoweka pamoja na ardhi uliyokuwa ukiisimamia.

KAROMIA: JITU LISILO NA WATOTO

Karomia gigas ni mti wa namna nyingine kabisa. Neno gigas maana yake ni jitu, nao umestahili jina hilo, kwa kuwa hufikia urefu wa kadiri ya mita 24, na sehemu kubwa ya shina lake husimama wima bila tawi. Majani yake ni mapana kama sahani. Jamii yake ni ile ya mrihani na mnanaa. Mtiki nao umo humo. Msomaji asishangae kwamba mti mkubwa kiasi hicho ni jamaa ya mimea inayopandwa kwenye kopo uani, kwa maana wataalamu hutazama muundo wa maua na mbegu zaidi ya ukubwa wa mmea.

Mti huu ulipatikana mara ya kwanza mwaka 1977 katika pwani ya Kenya. Miaka michache baadaye miti iliyojulikana huko ilikatwa, na tangu wakati huo haijapatikana mingine. Mwaka 1993 ulionekana mbali sana na hapo, zaidi ya kilomita 500 kuelekea kusini, katika kipande cha msitu nchini Tanzania. Kisha kukawa kimya tena hadi uchunguzi wa mwaka 2011, ulipoonekana mkusanyiko wa miti sita tu. Utafutaji wa miaka iliyofuata uliongeza idadi hiyo, lakini miti iliyojulikana iliendelea kuwa ya kuhesabika kwa makumi, wala si kwa mamia.

Miongoni mwa mahali inapoota ni msitu wa Mitundumbea, ambao ni msitu wa hifadhi wa serikali. Kama shida ingekuwa ni ardhi peke yake, mti huu ungekuwa na nafuu kuliko mwenzake. Lakini wachunguzi walipotazama chini ya miti hiyo na kuzijaribu mbegu zake, walikuta shida nyingine. Mbegu nyingi hazikuwa na kiini kizima, na nyingi zilikuwa zimeshambuliwa na kuvu, yaani vimelea vya jamii ya ukungu na uyoga. Mti unachanua, unazaa, unaangusha matunda yake. Lakini kizazi hakipatikani.

Mwaka 2018 maelfu ya mbegu zilipelekwa katika Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, ambayo ilikuwa ikishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Katika maelfu hayo ni sehemu ndogo sana iliyoonekana kuwa na uhai, na miche iliyopatikana ilikuwa michache. Watunzaji wa bustani hawakutegemea mbegu peke yake. Walikata vipandikizi kutoka katika miche hiyo, wakapata mimea zaidi.

Mwaka 2022 mmoja wa mimea hiyo ulitoa maua ndani ya jengo la vioo la bustani. Tukio hilo lilikuwa na thamani ya pekee, kwa sababu porini maua huwa juu sana kwenye kilele, mahali ambapo mtu aliye chini hawezi kuyachunguza. Yalikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, nayo yalidumu kwa kadiri ya siku moja tu. Ua ambalo linamngoja mchavushaji kwa muda mfupi hivyo, katika msitu ambamo miti ya namna yake ni michache na imetengana, lina nafasi ndogo ya kupata chavua kutoka kwa mti mwingine.

KULINGANISHA HALI ZA MITI HIYO

Sasa yaweza kuonekana wazi mahali inapokubaliana miti hii na mahali inapoachana.

Inakubaliana kwa uchache wake, kwa makao yake katika misitu ya pwani ya kusini, na kwa historia yake ya kupotea na kupatikana. Inakubaliana pia kwa hatari ambayo hufuata kila kundi dogo. Miti ikiwa michache, huchavushana yenyewe kwa yenyewe ama na jamaa wa karibu, na kizazi chake huzidi kufanana. Kizazi kilichofanana sana hakina akiba ya tofauti: ugonjwa mmoja au ukame mmoja waweza kukimaliza chote. Moto wa mbuga unaoingia msituni kwa bahati mbaya, ambao katika kundi kubwa ungeua sehemu tu, huku waweza kuua wote.

Inaachana kwa chanzo cha hatari. Erythrina ni mti wa jamii yenye mbegu imara, ziwezazo kukaushwa na kuwekwa ghalani kwa muda mrefu; adui yake mkubwa ni shoka na trekta. Karomia ina mahali pa kusimama ndani ya msitu wa hifadhi. Adui yake mkubwa yumo ndani ya tunda lake. Msitu wa Erythrina ukilindwa, kuna sababu njema ya kutumaini kwamba mti utaongezeka wenyewe. Msitu wa Karomia waweza kulindwa kwa ukamilifu, asikatwe hata mti mmoja, na bado spishi ikafa kwa uzee, kwa kuwa mzee akianguka hakuna kijana wa kushika nafasi yake.

Tofauti hiyo ni hatari kwa Karomia kwa sababu haionekani kwa macho. Msitu uliofyekwa humshtua kila apitaye. Lakini mti mrefu, wenye majani mabichi na matunda mengi, huonekana kuwa mzima, hata kama kwa hesabu ya vizazi umekwisha kuanza kufa.

NJIA ZA KUIHIFADHI

Kwa Erythrina, kazi ya kwanza ni ya ardhi na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji vya Tanzania uwezo wa kutenga misitu ya hifadhi katika ardhi yake, kuiwekea kanuni na kupata mapato yake. Wilaya ya Kilwa imekuwa mfano katika jambo hilo, kwani baadhi ya vijiji vyake huuza mpingo na miti mingine kwa mpango, na fedha hubaki kijijini. Kijiji kinachopata faida kutoka katika msitu wake kina sababu ya kuulinda kuliko kijiji kinachoambiwa tu kwamba msitu huo una mti adimu. Upande wa pwani ya Kenya, Wamijikenda wamehifadhi misitu yao ya kaya kwa mila na miiko kwa vizazi vingi, na mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa katika urithi wa dunia. Mifano yote miwili yaonyesha kwamba msitu hulindwa vema na watu wanaouhesabu kuwa wao.

Jambo la pili ni uchunguzi kabla ya kufyeka. Yaliyotokea mwaka 2008 yanafundisha kwamba kipande cha msitu kilichoandikwa katika mpango wa shamba kuwa ni pori tupu chaweza kuwa ndiyo nyumba pekee ya spishi nzima. Mtaalamu wa mimea akipewa nafasi ya kupita kabla ya trekta, gharama yake ni ndogo. Akija baada yake, hakuna fedha iwezayo kurudisha kilichopotea.

Kwa Karomia, ulinzi wa msitu ni mwanzo tu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania uliwatumia watu wa kijiji cha jirani kuitazama miti hiyo, ili wakati wa kuchanua na kuzaa ujulikane. Hiyo ni kazi ya kisayansi, ingawa hufanywa bila maabara. Mbegu zikikusanywa mapema kabla hazijaiva hazina uhai. Zikichelewa, kuvu huwa imekwisha kuziingia. Asiyekaa karibu na mti hawezi kuijua siku iliyo sawa.

Pamoja na hayo yanahitajika masomo ya kuvu wenyewe: ni wa aina gani, huingia katika tunda wakati gani, na kama ndiyo sababu ya mbegu kufa au huja tu baada ya mbegu kushindwa kwa kukosa chavua. Majibu mawili hayo yana dawa mbili tofauti. Kama sababu ni kuvu, matunda yaweza kukingwa. Kama ni chavua, itabidi maua yachavushwe kwa mkono kati ya miti iliyo mbali mbali. Na miche inayopatikana kwa vipandikizi haina budi kutoka katika miti mingi iwezekanavyo, kwani vipandikizi vya mti mmoja, hata vikiwa elfu, ni mti ule ule mmoja.

Hatimaye bustani peke yake si makao. Miche iliyo St. Louis ni akiba ya kuzuia msiba wa ghafla, lakini kazi haitakamilika mpaka kizazi chake kisimame tena katika udongo wa pwani, kichavushwe na wadudu wa huko, na kiangushe mbegu zinazoota zenyewe.

Ngazi ya hatari, basi, ni mwito wa kuanza uchunguzi. Mti wa maua mekundu unahitaji mipaka inayoheshimiwa. Mti wenye majani kama sahani unahitaji mipaka hiyo, na juu yake subira ya watu watakaougundua ugonjwa wa mbegu zake wakati miti mizee ingali imesimama. Kuuhudumia wa pili kwa dawa ya wa kwanza ni kuujengea ua mti ambao hautaacha mrithi.